Ng'ombe Anayelamba Ukuta

Ng'ombe alikuwa akilamba ukuta. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza upande wa Menengai, ukungu bado umeyalalia mashamba ya Njoro, nami sijamsalimu mtu. Mnyama alikuwa amepenyeza shingo kati ya mbao mbili za zizi, ulimi ameunyoosha hadi kwenye jiko lililokandikwa kwa udongo, anakwangua. Ulimi wa ng'ombe ukipita juu ya udongo mkavu hutoa sauti kama ya msasa juu ya mbao. Pale alipolamba palikuwa na shimo la kutosha ngumi mbili, na kingo zake zilikuwa zimelainika zikang'aa kama mdomo wa mtungi.

Mwenye boma ni mama aliyekwisha kuona wajukuu. Wajukuu hao humwita Shosho, nami nikamwita hivyo hivyo.

“Karibu, mwanangu,” alisema akijifuta mikono kwenye leso. “Usimshangae huyo. Hori nalijaza asubuhi na jioni, lakini ukuta hauachi. Ananila nyumba.”

Nililitazama hori. Lilikuwa limejaa nyasi ya nepia iliyokatwakatwa, mbichi, kijani kibichi, bado ina umande. Yeyote angesema mnyama huyu hana shida. Lakini alikuwa ng'ombe wa gredi mwenye madoa meusi, na weusi ule ulikuwa umefifia ukawa kama kutu, hasa shingoni na kuzunguka macho. Mbavu zilihesabika. Mtamba wake, aliyefungwa kando, alikuwa na umbo la mnyama wa mwaka mmoja. Shosho aliniambia ameingia wa tatu.

Nilikuwa nimekuja Nakuru kutazama jambo ambalo limenikaa moyoni tangu utotoni. Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi milimani, alikuwa na rovu shingoni, kubwa kama embe. Kila alipokwenda sokoni alijitanda leso akalificha. Alilima, alivuna, alikula akashiba. Sikusikia hata siku moja kwamba amelala njaa. Nilipokua ndipo nilipofahamu kwamba rovu lile lenyewe lilikuwa njaa. Mwili wake ulikuwa ukiitafuta iodini, madini ambayo mvua za miaka mingi zilikuwa zimeyaosha kutoka kwenye udongo wa milima ile. Tangu hapo kila nionapo shamba lililostawi hujiuliza swali moja: kijani hiki kimebeba nini ndani yake?

Nakuru ni mahali pa kuuliza swali hilo. Ugonjwa mmoja wa ng'ombe ulioonekana hapa uliwahi kupewa jina la mji wenyewe.

*

Kutoka kwa Shosho hadi barabara ya lami ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Njia imekatwa ubavuni mwa kilima, na pale ilipokatwa ardhi imefunua tabaka zake kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Juu kuna udongo wa hudhurungi. Chini yake kuna ukanda mweupe wa kokoto. Kisha udongo tena. Kisha ukanda mweupe mwingine, mnene kuliko wa kwanza. Nilichomoa jiwe moja jeupe lenye ukubwa wa andazi. Mkono ulijiandaa kwa uzito, uzito haukuja. Lilikuwa na vitundu kama sifongo. Nilipolitumbukiza kwenye dimbwi la mvua ya usiku liliyumba kidogo, kisha likaelea.

Jiwe hilo ni povu la volkano lililoganda. Kila ukanda mweupe ni mlipuko, na kila ukanda wa hudhurungi ni miaka ya utulivu, majani yakiota na kuoza. Kasoko ya Menengai, yenye upana wa takriban kilomita 12 kwa 8, inaonekana kutoka pale njiani kama ukuta wa bluu juu ya mji. Majivu na mawe mepesi yaliyotoka humo, na katika volkano jirani, ndiyo yaliyoitandika nchi hii. Jina la Nakuru lenyewe, katika lugha ya Kimaasai, husemwa kuwa lina maana ya mahali pa vumbi. Kiangazi ukisimama stendi ya matatu hutahitaji kufafanuliwa.

Tumezoea kusema kwamba udongo wa volkano una rutuba, na si uongo. Ngano na mahindi ya Njoro vinajulikana, na chuo cha kilimo cha Egerton kilianzishwa hapa mwaka 1939. Lakini volkano hazifanani. Basalti, lile jiwe jeusi zito, kwa kawaida huwa na kobalti na shaba ya kutosha. Mwamba wa Menengai ni trakaiti. Umetokana na uji wa moto uliokaa muda mrefu chini ya ardhi. Madini kama kobalti yakatangulia kuganda yakabaki huko chini, wakati sodiamu na floraidi zilibaki kwenye uji na kupanda nao. Kwa hiyo mlima huo mmoja uliwanyima wakazi kitu, ukawazidishia kingine. Yote mawili nilikuja kuyaona kwa macho: la kwanza kwenye manyoya ya ng'ombe, la pili kwenye meno ya watu.

Jicho la mkulima linadanganywa hapa. Mahindi yakikosa naitrojeni hugeuka njano, yakikosa fosforasi majani huwa zambarau, mkulima akaona na kuchukua hatua. Nyasi, kwa upande wake, haina haja ya kobalti kwa ajili ya uhai wake. Haina haja ya iodini, wala ya seleni. Ikizikuta udongoni huzifyonza kidogo, isipozikuta hustawi vilevile, ikapepea, ikapendeza. Anayezihitaji ni yule atakayeila. Wahenga waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, hawakuwa wakizungumzia malisho, lakini sijapata maneno yanayoyafaa zaidi malisho haya.

*

Wafugaji wa zamani wa Bonde la Ufa hawakuwa na mizani ya maabara, ila walikuwa na miguu. Mifugo ilihamishwa kwa kufuata mvua, na pia kwa kufuata chumvi: ilipelekwa penye udongo wa magadi na chemchemi za chumvi, ikalamba, ikarudi. Ardhi moja ilipopungukiwa, nyingine ilijazia. Kosa la udongo wa hapa lilisahihishwa na udongo wa kule, na kilichounganisha viwili hivyo kilikuwa ni kwato.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mkataba na Wamaasai, wakaondolewa katika sehemu hii ya bonde, Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapate ardhi kando ya reli. Mwaka mmoja kabla ya hapo Lord Delamere alikuwa amepewa ekari 100,000 hapa Njoro. Aliagiza kondoo wa kigeni, na wengi wao wakafa. Sababu za vifo hivyo zilikuwa zaidi ya moja, lakini kadiri waya wa uzio ulivyozidi kutandazwa ndivyo jambo jipya lilivyozidi kujitokeza. Ng'ombe waliolishwa mwaka mzima katika shamba moja karibu na Nakuru walikonda mbele ya nyasi nyingi. Damu ilipungua, manyoya yakasimama, hamu ya kula ikatoweka, ndama wakadumaa. Walowezi wakauita Nakuruitis, yaani ugonjwa wa Nakuru. Waligundua pia kwamba mnyama mgonjwa akihamishiwa malisho ya mahali pengine hupata nafuu. Kile walichokiona kuwa tiba kilikuwa ndio utaratibu wa kila siku wa wafugaji waliowaondoa.

Katika miaka ya 1920 jambo hilo lilifika kwa John Boyd Orr, aliyekuwa akiongoza Taasisi ya Rowett huko Aberdeen, Uskochi, na ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1949. Yeye na wenzake walifuatilia madini katika malisho ya Kenya, kisha katika milo ya watu. Ugonjwa wa aina hii ulikuwepo pia Australia na New Zealand, na kwa muda wengi waliamini kuwa ni upungufu wa chuma, kwa kuwa damu ya wanyama ilikuwa hafifu na mawe fulani yenye chuma yaliwaponya. Mwaka 1935 wataalamu wa Australia walitegua kitendawili hicho. Si chuma kilichokuwa kikiponya. Ni uchafu mdogo uliojificha ndani ya chuma hicho, nao ulikuwa kobalti.

Ilichukua miaka mingine 13 kufahamu kobalti hufanya nini. Mwaka 1948 vitamini B12 ilitenganishwa kwa mara ya kwanza, na katikati yake ikakutwa chembe moja ya kobalti. Vijidudu walio tumboni mwa ng'ombe huichukua kobalti ya nyasi wakaitengeneza vitamini hiyo. Ng'ombe huitumia, na sehemu yake hutufikia sisi kwa maziwa na nyama. Mimea haiitengenezi, nasi hatuwezi kujitengenezea. Kwa hiyo mtu anayekunywa kikombe cha maziwa Nakuru anapokea, kupitia mlolongo mrefu wa midomo, kitu kilichoanzia kwenye mwamba.

Kiasi chenyewe ndicho kinachonishangaza hadi leo. Ng'ombe huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya miligramu ya kobalti kwa kila kilo ya majani makavu anayokula. Akila kilo 10 kwa siku, hiyo ni miligramu moja, uzito wa punje kadhaa za chumvi ya mezani. Mnyama wa kilo 400 anasimama au anaanguka kwa kitu ambacho huwezi kukihisi ukikiweka juu ya ulimi. Haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba yenyewe ndiyo kibaba kizima.

*

Daktari wa mifugo wa wadi alifika kwa Shosho saa nne asubuhi, pikipiki imejaa tope. Alimfungua ng'ombe mdomo, akavuta ukope wa chini kutazama rangi ya ndani, akamshika manyoya ya shingo na kuyapindua dhidi ya mwanga. Alifanya hayo polepole na kwa heshima, akimsemesha mnyama kwa sauti ya chini.

“Mama, umempa dawa ya minyoo lini?”

“Kabla ya mvua za masika.”

“Basi tunaanza na minyoo. Kukonda huku kunaweza kuwa minyoo, na madini hayatamfaa aliyejaa minyoo.” Akanigeukia. “Kulamba ukuta, mara nyingi ni chumvi ya kawaida na fosforasi. Rangi ikififia hivi, nafikiria shaba. Akikonda na majani yapo, na minyoo hana, kwa hapa petu lazima nifikirie kobalti. Lakini kwa macho huwezi kuapa. Damu ipimwe.”

Nilipenda kwamba hakukimbilia jibu. Alimwonya Shosho pia jambo ambalo wengi hulipata kwa hasara: chumvi ya madini ya ng'ombe isipewe kondoo. Kondoo hawahimili shaba nyingi. Inayomponya ng'ombe yaweza kumuua kondoo aliye zizi la pili. Madini haya hayana huruma upande wowote. Yakipungua ni ugonjwa, yakizidi ni sumu, na kati ya viwili hivyo kuna njia nyembamba.

Tulikwenda sote watatu hadi kituo cha maduka, kwenye agroveti yenye rafu hadi darini. Ndani kulikuwa na harufu ya dawa ya kupe na unga wa pumba. Muuzaji aliweka juu ya meza vitu viwili. Kimoja kilikuwa jiwe la chumvi, jekundu kama tofali, lenye tundu katikati la kupitishia kamba. Cha pili kilikuwa mfuko wa unga wa kijivu. Vyote vinaitwa chumvi ya ng'ombe, na bei ya jiwe ilikuwa nafuu. Daktari aliugeuza mfuko akaweka kidole kwenye maandishi madogo ya nyuma: kalsiamu, fosforasi, sodiamu, magnesiamu, kisha kwa herufi ndogo zaidi shaba, zinki, manganizi, iodini, kobalti, seleni.

“Wakulima wengi hununua rangi,” alisema. “Jiwe likiwa jekundu, basi. Mimi nasema soma nyuma. Kuna mawe ambayo ni chumvi tupu na rangi.”

Shosho hakuwa amebeba miwani. Nilimsomea moja moja kwa sauti, naye akarudia kila jina kama anayejifunza majina ya wakwe. Alipofika kwenye kobalti alisimama. “Hiyo ndiyo ya hapa kwetu?” aliuliza. Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo ya hapa kwenu.

*

Mchana huo nilishuka hadi Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Ziwa limekula sehemu ya nchi kavu tangu maji yalipoanza kupanda zaidi ya miaka kumi iliyopita. Miti iliyokufa imesimama majini, myeupe, ndege aina ya mnandi wametua kwenye matawi. Sikuja kwa ajili ya ziwa. Nilikuja kutazama swala pala.

Kundi la majike lilikuwa kwenye uwanda wa nyasi fupi, si mbali na njia. Mmoja aliinama kwenye kichuguu, akakaa hapo muda mrefu kuliko anavyokaa mnyama anayekula. Kupitia darubini nilimwona anakula udongo. Nyuma yake, kwa mbali, jua liliupiga uzio nao ukang'aa.

Uzio huo unaizunguka hifadhi yote. Ulijengwa katika miaka ya 1980 kuwalinda faru dhidi ya majangili, na umewalinda kweli. Bila huo pengine faru wa hapa wangebaki kwenye picha. Lakini waya haumchagui wa kumzuia. Katika miaka hiyo hiyo watafiti walipima udongo, nyasi na damu ya wanyama wa humu, wakakuta shaba na kobalti ni haba katika sehemu za hifadhi, na shaba katika damu ya swala ni ndogo. Swala wa zamani angekosa shaba hapa angevuka bonde. Wa leo anavuka hadi kwenye waya.

Niliishusha darubini nikawaza juu ya zizi la Shosho. Ng'ombe wake hatoki. Shamba ni robo ekari, barabara imejaa magari, na malisho ya pamoja yalikwisha zamani. Ufugaji wa zizini umewapa maelfu ya familia maziwa na ada za shule, sina neno baya juu yake. Ila umebadili mkataba wa kale kati ya mnyama na ardhi. Ng'ombe aliyekuwa akiifuata chumvi kwa miguu sasa anasubiri iletwe, na asipoletewa anakula ukuta. Hilo ndilo nililokwenda Nakuru kulisema, na nalisema kwa uzito wote nilionao: ukimfungia kiumbe mahali pamoja, umejitwika kumletea kila ambacho miguu yake ingekitafuta.

Ni deni. Halilipwi kwa nyasi peke yake.

*

Kijana aliyenirudisha kwa pikipiki alikuwa mcheshi, lakini alicheka akifunika mdomo kwa mkono. Tulipopumzika kwenye kibanda cha chai aliusahau mkono, nikaona meno yake: ya hudhurungi, yenye mistari, kama yaliyochovywa chai. Nakuru nzima unayakuta meno hayo, kwa watoto wa shule na kwa wazee.

Hiki ndicho mlima ulichozidisha. Maji yanayopita kwenye miamba ya Bonde la Ufa hukusanya floraidi, na visima vingi vina zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe. Floraidi kidogo hulisaidia jino, ikizidi hulivuruga linapoumbwa. Madoa hayo huingia utotoni, kabla jino halijaota, na hakuna mswaki utakaoyatoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi hushika na mifupa.

“Watu hudhani sipigi mswaki,” kijana alisema. Hakusema zaidi, nami sikumuuliza.

Kanisa Katoliki, Jimbo la Nakuru, limeendeleza dawa ya maji haya, na nilipoiona mara ya kwanza nilibaki kimya. Ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa ikawa chengachenga nyeusi, kisha hujazwa kwenye chujio. Maji yakipita humo, floraidi hunaswa na mfupa, kwa kuwa mfupa na floraidi huvutana hata nje ya mwili. Mfupa wa ng'ombe aliyekufa unakinga mfupa wa mtoto aliye hai. Nilichota chenga hizo kiganjani. Zilikuwa nyepesi, zenye vitundu, na kwa mguso zilinikumbusha lile jiwe lililoelea.

*

Jioni Shosho alitupikia ugali na sukuma wiki. Tulikaa jikoni, upande wa ndani wa ukuta ule ule, na kila baada ya muda tulimsikia ng'ombe akikwangua upande wa pili. Wajukuu wanne walikula kwa mikono safi na kwa furaha. Sahani zilirudi tupu.

Nilifuata chakula kile kinyumenyume, kama nilivyofuata nepia. Mahindi ni ya shamba hili hili. Yalisagwa kwenye posho mill ya pale kituoni. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inadai unga wa mahindi wa viwandani uongezwe chuma, zinki na vitamini, lakini mahindi ya nyumbani yanayosagwa posho mill hutoka vile yalivyoingia. Mbolea ya dukani ambayo Shosho hupanda nayo huupa udongo naitrojeni na fosforasi, zinki haimo. Maziwa ya jioni yalikwisha chukuliwa na mwenye pikipiki wa kukusanya maziwa, ikabaki kikombe kimoja cha chai ya watoto wanne.

Nisieleweke vibaya. Sukuma wiki si adui, ugali si adui. Lakini mtoto anayekula kutoka kwenye udongo mmoja kila siku yumo ndani ya uzio pia, hata kama hauonekani. Upungufu wa zinki hautoi kelele: mtoto huwa mfupi kidogo kuliko wenzake, kuhara hakuishi haraka. Ndiyo maana zahanati zetu sasa hutoa vidonge vya zinki pamoja na maji ya ORS. Upungufu wa B12 huanza kwa uchovu. Iodini ikikosekana kwa mama mjamzito, anayeumia zaidi ni ubongo wa aliye tumboni.

Na bado, juu ya rafu ya Shosho, palikuwa na pakiti ndogo iliyonifanya nisimame. Chumvi ya mezani, ya kawaida kabisa, imeandikwa kwamba imeongezwa iodini. Ilitoka viwanda vya chumvi vya pwani, kule Kilifi, ikapanda lori hadi kwenye nyanda za juu, ikafika katika jiko la udongo bila shangwe yoyote. Hicho ndicho bibi yangu alichokikosa. Bahari imeletwa mlimani kwa bei ambayo hata maskini anaimudu, na wajukuu wa Shosho wanakua bila kuhitaji kuficha shingo. Inahitaji tu ifunikwe vizuri, isianikwe juani, na itiwe chakula kikikaribia kuiva ili iodini isipotee na mvuke. Nilimwambia Shosho hayo. Alinyanyuka papo hapo, akaitoa chumvi dirishani, akaitia kwenye mkebe wenye kifuniko.

Tulizungumza hadi usiku juu ya vingine vinavyowezekana bila fedha nyingi: omena za Kisumu, ambazo huuzwa kwa kipimo sokoni Nakuru na ambazo mtu huzila pamoja na mifupa yake, mboga za terere na managu kando ya zizi, maharage yaliyolowekwa usiku kucha, uji uliochachuka, kwa kuwa uchachu huifungua zinki ambayo nafaka huishikilia. Juu ya uji aliniambia mama yake hakuwahi kupika usiochachuka. Yeye ndiye aliyeacha, kwa haraka za siku hizi. Na samadi, aliahidi, haitauzwa tena; itarudi shambani, ili madini ya kwenye mfuko ule wa kijivu yakipita kwa ng'ombe yaendelee hadi kwenye mahindi.

“Kumbe nikimlisha ng'ombe chumvi nalisha na shamba,” alisema. Halafu akawatazama watoto waliokuwa wamelala kwenye mkeka, akapunguza utambi wa taa. “Na kikombe kimoja cha maziwa hakitoshi hawa. Kesho mwenye pikipiki atabeba pungufu.”

*

Miezi miwili baadaye nilipita tena Njoro. Sikuahidiwa miujiza, na sikuiona. Minyoo ilikuwa imetibiwa, unga wa madini unapimwa kwa kifuniko kila asubuhi juu ya pumba. Ng'ombe alikuwa bado mwembamba kuliko inavyotakiwa, lakini kwenye shingo, chini ya manyoya ya rangi ya kutu, manyoya mapya yalikuwa yakichipua, meusi ti. Mtamba alinijia mwenyewe akaninusa mkono.

Nilizunguka nyuma ya jiko kulitazama shimo. Lilikuwepo bado, na kingo zake hazikung'aa tena. Zilikuwa zimekauka na kushika vumbi, na ndani yake buibui alikuwa ametanda utando kutoka upande hadi upande.

“Mbona hujaukanda ukuta, Shosho?”

“Udongo ninao, siku mbili zatosha,” alisema. “Lakini nimeliacha makusudi. Mimi maandishi madogo ya nyuma ya mfuko siyaoni, mwanangu. Huu utando nauona. Asubuhi nitakayoukuta umekatika, nitajua chumvi imepungua, na nitakwenda dukani kabla hajakonda.”